Bomba Nililolisikia Nikalipaka Rangi

Albertville, kwetu juu ya mto Kalemie
Jumamosi, saa tisa ya mchana

Leontina, mwanangu,

Salamu za kuagana nitakupa kesho kituoni kwa mkono wangu. Hapa naandika yale ambayo mkono hauwezi kuyatoa na mdomo umekwisha kuyakataa mara nyingi. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutuma habari kwa watu wa gari la moshi, mama yako ameyasema tangu Jumatano na wewe umeyasikia kuliko unavyopenda. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile bomba la moshi la skuta.

Nimekaa nyuma ya jikoni juu ya sanduku la misumari. Mbele yangu bomba linaning'inia kwa waya kwenye mpera, limepata mpako wa kwanza wa rangi nyeusi. Mipako ni mitatu, na kila mmoja unataka saa moja kukauka kabla ya mwingine. Huu njo muda nilio nao wa kukuandikia. Wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi yako, na najua shangazi yako hamwachi mtu kabla ya chakula.

Jana asubuhi nilikuwa nje ya dirisha, nafunga kamba ya sanduku lako la safari ya Nyunzu, nikasikia mama yako anasema:

"Nyunzu si kama hapa mujini. Wamama wenye mimba wako kwenye vijiji vya mbali. Kilomita kenda, kilomita kumi na mbili. Utawafikia na nini?"

"Na miguu, Mama."

"Na skuta je? Papa yako ameshaandikisha nafasi yake kwenye behewa."

"Skuta ibaki. Chuma yenye Papa amepaka rangi, mimi sipandi tena."

Sikuingia. Nilibaki na kamba mkononi. Nilijaribu kukasirika, maana wanijua, hasira yangu haiko mbali. Safari hii haikuja. Ulisema kweli, na hujui hata nusu ya ile kweli.

Acha nianze mbali kidogo. Si kwa kujitetea, ijapokuwa utaona najitetea. Nikifanya hivyo, wewe soma tu upite.

Niliingia atelie, karakana ya gari la moshi, nikiwa na miaka kumi na minne, kazi yangu kuchota maji ya kuoshea brashi. Miaka ishirini na miwili niliitwa boyi, hata nilipokuwa na mke na watoto watatu. Mzungu wa rangi, mkubwa wetu, alikuwa akipitisha ukucha juu ya kazi yangu. Ukucha ukikwama mahali pamoja, narudia behewa zima. Nimepaka mabehewa mia mbili na sita na vichwa vya gari kumi na moja, nimevihesabu, na hakuna hata kimoja chenye alama kwamba aliyekipaka ni mimi. Wenzangu walipelekwa shuleni na baba zao. Mimi kusoma na kuandika nilijifunza kwa mapadri wa Mpala kwa miaka miwili tu, kisha baba yangu akaniondoa nikavue samaki. Kila nilicho nacho nimekijenga peke yangu. Maneno hayo umeyasikia mezani mara mia. Samahani, nayaandika tena.

Ukaja mwaka wa uhuru. Mzungu wa rangi aliondoka ndani ya siku tatu, asirudi, na Mzungu mwingine, fundi yule ambaye mashua yake nilikuwa nimeipaka majira mawili, akaniachia skuta yake kwa shukrani. Unaikumbuka ilivyokuja: ya kijani, nzuri, ila bomba la moshi limeanza kutu, maana mwenyewe alikuwa akiiweka ufukoni, mawimbi yakipiga yanailowesha. Mimi fundi wa rangi nikasema tuilinde kwa mafuta ya mawese. Kila Jumamosi nilikupa kitambaa na kikombe cha mawese, ukalipaka bomba lote. Majuma sita. Injini ikipata moto, mtaa mzima unanukia kama jikoni kwa mtu, na mbwa wakawa wanakufuata mpaka daraja la Lukuga. Tulicheka sana na mbwa wale. Mawese hayalindi chuma chenye moto, Leontina. Yanaungua juu, na chini yake maji na chumvi ya vikapu vya samaki wa mama yako vinakaa kimya na kula. Nilijua. Katika atelie hakuna mtu aliyewahi kuniona naweka mawese juu ya bomba la kichwa cha gari. Lakini chupa ilikuwa pale jikoni, na ile rangi nyeusi ya kuvumilia moto ilitaka kuombwa kwa maandishi, na mimi sikutaka kuomba tena kitu kwa mtu yeyote.

Sasa Jumatatu ile, miaka mitatu iliyopita. Asubuhi waliniita biro, ofisini, wakaniambia: kuanzia saa nane ya mchana wewe njo shefu wa rangi, mahali pa yule Mzungu. Saa nane king'ora kingelia na watu wote wangekuwa mlangoni. Nilirudi nyumbani saa sita na nusu, na kichwani mwangu nilikuwa na picha moja tu: mimi juu ya skuta inayong'aa, nikiingia katika lango ambalo miaka ishirini na miwili nililiingia kwa miguu.

Nilitoa kopo la rangi ya fedha, ile ya mashua, iliyokuwa imebaki. Wewe ulishika kopo. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulisema kwa adabu kabisa:

"Papa, hatukwangui kwanza? Mawese ingali juu, na kutu iko chini."

Na mimi nikakujibu:

"Nani njo fundi ya rangi hapa, mimi ao wewe?"

Hayo unayajua, ulikuwapo. Kwa miaka mitatu umefikiri kosa langu lilikuwa haraka, na kiburi cha kutomsikiliza mtoto. Ingekuwa hivyo tu ningekwisha kukuomba radhi zamani.

Ngoja. Naenda kuweka mpako wa pili.

Nimerudi. Saa kumi na dakika ishirini. Rangi imeshika vizuri, haina machozi, haijatiririka.

Nilikutuma ndani ulete kitambaa kikavu. Unakumbuka? Ulikitafuta muda, mama yako alikuwa amefungia nacho mlango wa banda la kuku. Wakati ule nilikuwa peke yangu na bomba, na mkono wangu ukafanya kazi yake bila kuniuliza. Katika atelie hatupaki chuma kizee kabla ya kukigonga. Tuna nyundo ndogo, kichwa chake kama kidole gumba. Chuma kizima kinalia, ti, ti, na sauti inabaki kidogo hewani. Chuma kilicholiwa kinagoma, pu, kama unagonga boga. Mtoto wa siku mbili atasikia tofauti.

Niligonga mara saba. Mara tano lililia. Mara mbili liligoma, zote mbili kwenye kiwiko, pale bomba linapokunjika kutoka kwenye injini.

Nilisikia, mwanangu. Nilisikia kama ninavyosikia sasa kuku wa jirani. Nilijua pale kiwikoni chuma kimebaki chembamba kama biskuti, na kwamba bomba hilo linataka kufunguliwa, kuchomwa masizi, kukwanguliwa mpaka chuma cheupe, na kutiwa kiraka. Kazi ya siku mbili. King'ora kilikuwa kimebakiza saa moja. Ulipotoka na kitambaa ulinikuta nimeweka nyundo mfukoni nimekwisha kushika brashi. Ulisema, "Papa, nimechelewa." Nikakujibu, "Si kitu."

Nilipaka kwa dakika ishirini. Nilipita langoni saa nane kasoro tano, rangi mbichi inatoa moshi, bomba linang'aa kama sahani ya misa, na watu walipiga makofi. Furaha ya siku ile ilikuwa kubwa, sitakudanganya. Ilimalizika Alhamisi, rangi ilipoanza kutoa malengelenge.

Basi nikapaka tena. Mwezi uliofuata, tena. Nimehesabu: miezi kumi na minne, mipako kumi na minne ya fedha, mmoja juu ya mwingine, na hata mara moja sikukwangua, kwa sababu kukwangua kungenionyesha kiwiko. Na miezi hiyohiyo kumi na minne, mara tatu kwa juma, wewe ulipanda skuta kwenda kwa wavuvi kumchukulia mama yako vikapu vya samaki wa chumvi. Ni karibu mara mia moja na themanini. Mimi nilikaa mezani jioni, nikisikia skuta inarudi, nikawa na namna fulani ya kupumua. Mama yako alidhani ni uchovu wa ushefu.

Sasa Jumapili yenyewe, mwisho wa miezi ile, kiwanja cha kanisa, baada ya misa ya pili. Ulikuwa umemleta mama yako. Uliteremsha mguu ili usimamishe skuta, kiwiko kikakatika, skuta ikalala upande, na bomba lenye moto likaja juu ya mguu wako. Papa Donati, mlinzi wa bohari ya stesheni, ambaye hawezi kuona kitu kimeanguka bila kukisemea, alipiga kelele kabla hajaona mguu:

"Ee, Papa Shefu! Skuta yako imetaga yai!"

Watu walicheka. Kanisa zima lilikuwa limetoka. Walicheka mimi nikiwa katika koti langu jeusi, nami nikatazama nini? Nilitazama bomba. Mguu wako niliutazama pili. Kati ya bomba na mguu nilipata nafasi ya kusema maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema, ili yasije yakapunguzwa:

"Mumuulize huyu mutoto! Kila siku samaki ya chumvi, samaki ya chumvi, na hapana kusafisha hata siku moja. Njo maana bomba imeoza. Mutoto muvivu, anaharibu kitu ya baba yake."

Mama yako ndiye aliyeinua bomba, kwa mikono yake miwili na kitambaa cha kichwa. "Acha bomba, wewe!" aliniambia. "Mutoto anaungua!"

Na wewe? Ulikuwa na neno moja la kunimaliza mbele ya watu wote, kwamba ulinionya tukwangue, nikakataa. Uliuma mdomo. Nilikutazama nikaona hutasema, na badala ya kushukuru niliona unafuu. Unafuu ule njo kitu ambacho nakionea haya kuliko vyote. Kiko pale bado, kama unavyoona alama mguuni mwako.

Siku ishirini na mbili ulilala kwenye dispansari ya masista. Nilikuja mara nne, mara zote na koti, nikakaa dakika kumi. Ulikuwa umeanza kuwauliza masista namna ya kufunga vidonda, na ulipopona ukaomba kujifunza kazi yao ya uuguzi na ukunga. Nikaanza kuwaambia watu langoni: "Unaona, kule kuungua njo kulimpa mutoto kazi." Nilisema kwa kucheka. Nilisema hata mbele yako, siku ulipopata cheti, wageni wamejaa. Uliinuka ukaenda kuleta bia nyingine. Nilidhani umeona haya ya kusifiwa.

Mama, nakuita hivyo kwa sababu una jina la mama yangu, kazi yako hukupewa na bomba. Ulijipa mwenyewe, ukiwa umelala na mguu ulioungua kwa kosa langu. Nikimsikia mtu tena anasema neno lile nitamwambia ni la uongo, na kwamba mwenye kulitunga ni mimi.

Toka Jumapili ile skuta nimeipanda peke yangu, kiwiko kimefungwa kipande cha kopo na waya. Kelele zake mtaa wote unazijua. Watu wamefikiri Papa Shefu ni bahili wa kutengeneza. Sikuweza tu kulifungua bomba. Ningelifungua ningeona.

Jumatano iliyopita, ulipopata barua ya kukupeleka kazini Nyunzu, nilikwenda kwa Papa Donati kuazima brashi yake ya waya. Aliniuliza ya nini.

"Ya kukwangua bomba," nikamwambia.

"Leo? Baada ya miaka miwili ya kutupasua masikio?"

"Donati, lile bomba halikuoza kwa samaki. Mutoto aliniambia tukwangue, nikamukatalia. Na mimi nililigonga, nikasikia limeoza, nikapaka tu."

Alishusha brashi ukutani, akaigeuza mkononi. Kisha akasema: "Kumbe nilikosea muntu wa kumucheka."

"Ndiyo."

"Sasa unaniambia mimi, sababu gani? Mutoto ulimusemea mbele ya kanisa nzima. Mimi ni kanisa?"

Akanipa brashi. Mlangoni akaongeza, "Na usirudishe hii brashi kabla ya kusema." Kwa hiyo brashi iko hapa bado.

Nikuambie kazi ilivyokwenda, kwa sababu utaitaka siku moja huko Nyunzu, na kwa sababu ni rahisi kwangu kuandika kazi kuliko yale mengine. Alhamisi nilifungua bomba: bolti mbili, moja ilikuja, ya pili niliilaza katika petroli usiku kucha. Ijumaa nililiweka katika makaa kuchoma masizi ya ndani, likapoa lenyewe, halimwagiwi maji. Kisha kukwangua. Mipako yangu kumi na minne ilitoka kama maganda ya kitunguu, na chini kabisa nikakuta mawese yamegeuka lami, na chini ya mawese, kutu. Kiwiko kilibaki mkononi mwangu vipande vitatu. Nimekata kiwiko kipya kutoka bomba zito, na mchomeleaji wa atelie amekiunga akizunguka pote. Nimepitisha karatasi ya msasa mpaka chuma cheupe, nikakipangusa kwa petroli, na tangu hapo sijakigusa kwa kidole, maana hata jasho la kidole linatosha kuanzisha kutu. Rangi ni ile nyeusi ya mabomba ya vichwa vya gari. Niliiomba biro kwa maandishi, nusu kopo, na niliandika sababu: "kwa skuta ya binti yangu, niliyoiharibu." Karani alisoma mara mbili, akanitazama, akatia muhuri.

Ukibeba kitu cha chumvi, subiri bomba lipoe, ulimwagie maji safi, ulikaushe. Mawese kula na maharagwe.

Saa kumi na moja na nusu. Mpako wa tatu umeingia. Ukikauka nitalizungusha juu ya mbabula, lile jiko la makaa la mama yako, moto kidogo, rangi ishike moto polepole, kisha nilirudishe kwenye skuta kabla hamjafika. Litanuka. Mwambie mama yako asinipigie kelele, au apige tu.

Kesho gari linaondoka saa nne. Misa ya kwanza inatoka saa moja na nusu. Nimekwenda kwa padri leo asubuhi, si kuungama, hayo nilifanya Alhamisi. Nimemwomba watu wakitoka nisimame pale kiwanjani, mahali palepale, niseme. Padri aliuliza maneno mangapi. Nimemwambia kumi, nimeyahesabu: "Bomba liliozea mkononi mwangu. Leontina alinionya. Mimi nilijua, nikamsingizia yeye." Papa Donati atakuwa mbele, amekwisha kujichagulia nafasi. Nitavaa koti lilelile. Naogopa, mwanangu. Watu wale nawaamuru kazi kila siku. Ukiona nimefika pale mdomo umefunga, usinisaidie. Ulinisaidia mara moja, na angalia nilifanya nini na msaada ule.

Sikuombi unisamehe kabla ya gari. Gari lina saa yake, na wewe una yako.

Ila skuta. Nyunzu itakuamsha usiku kwa mwanamke aliye kilomita kumi na mbili, na wewe kwa miguu utamfikia amekwisha kuzaa au amekwisha kufa. Nataka uichukue. Lakini sina neno la kukuambia uamini chuma nilichokipaka mimi, na rangi hii ni nyeusi na nzuri, mtu hawezi kuona kitu ndani yake. Njo maana barua hii nimeizungushia kwenye ile nyundo ndogo. Ni ileile. Ni yako sasa.

Kesho kabla ya misa toka nje, bomba litakuwa baridi. Gonga mara saba, anzia kiwikoni. Mimi nitasimama kwa mpera, mbali, na sitakuambia umesikia nini. Likilia mara zote saba, skuta iende na wewe. Likigoma hata mara moja, ibaki, nami nitakubebea sanduku mpaka kituoni kwa miguu. Na ukisikia pu, mwanangu, sema palepale kwa sauti kubwa, hata kama watu wapo.

Papa yako